Fuata maji, usifuate mnyama

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya uzalishaji wa mifugo hapa Morogoro. Msimamizi wangu kaniambia nipitie kazi za Peter Mazur kabla sijaandika pendekezo la utafiti juu ya kugandisha viinitete vya ng'ombe. Nimefungua orodha ya makala zake, nimechoka kabla ya kuanza: hamira, seli nyekundu za damu, viinitete vya panya, nzi wa matunda. Huyu alikuwa mtaalamu wa nini hasa? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Kilichokuchanganya ni kwamba umesoma majina ya viumbe. Isome tena orodha hiyo ukitafuta maji.

Mazur (1928–2015) alifanya kazi miaka mingi katika maabara ya taifa ya Oak Ridge, Tennessee, na swali lake halikubadilika sana: seli ikipozwa chini ya nyuzi sifuri, maji yaliyomo ndani yanatoka kwa kasi gani, na yasipowahi kutoka inakuwaje? Hamira na panya walikuwa vyombo tu vya kuliulizia swali hilo.

Anza na makala yake ya 1963 kuhusu kasi ya seli kupoteza maji. Ina milinganyo, usiikimbie, maana kisa chenyewe ni chepesi. Barafu huanza nje ya seli. Maji ya nje yakiganda, chumvi hubaki kwenye kimiminika kilichosalia, kimiminika hicho kinakuwa kikali, nacho kinavuta maji kutoka ndani kupitia utando, yaani ngozi ya seli. Ukipoza polepole, maji hupata muda wa kutoka. Seli inanywea na ndani hapagandi. Ukipoza haraka, maji hunaswa ndani, yanaganda humo humo, na seli nyingi hufa. Lakini polepole kupita kiasi nako ni balaa, kwa kuwa seli inakaa mno kwenye chumvi kali. Mwaka 1972, yeye na wenzake Leibo na Chu waliyaweka madhara hayo mawili pamoja kwa kutumia seli za hamsta. Kati ya hayo mawili kuna kasi inayofaa, na kila seli ina yake.

Kwa nini kila seli ina yake? Chukua kalamu. Kwa umbo la mpira, eneo la ngozi ukiligawa kwa ujazo unapata 3 kugawanya kwa nusu kipenyo. Yai la panya lina kipenyo cha mikromita 75 hivi. Lilinganishe na seli ya hamira ya mikromita 5: kwa kila tone la maji yaliyomo, yai lina sehemu moja tu ya 15 ya mlango wa kutokea. Hapo bado hujaingiza wepesi wa utando kupitisha maji. Ndiyo maana seli nyekundu ya damu, iliyo ndogo na inayopitisha maji upesi, inastahimili kupozwa kwa maelfu ya nyuzi kwa dakika, wakati kiinitete kinataka uende nacho kwa uzi mmoja hivi.

Makala ya pili ya kusoma ni nyingine ya 1972 hiyo hiyo, pamoja na Whittingham na Leibo: viinitete vya panya vilivyogandishwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, vingine hadi 269. Walipoza kwa nyuzi 0.3 hadi 2 kwa dakika na kupasha kwa 4 hadi 25. Kati ya viinitete zaidi ya 2,500, asilimia 50 hadi 70 viliendelea kukua maabara. Takriban 1,000 vilipandikizwa, na asilimia 65 ya panya waliopandikizwa walishika mimba. (Muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, atakubishia, kwake kugandisha haraka ndiyo sifa. Yeye anatunza nyama isichuruzike maji. Hahitaji samaki aogelee tena.)

Sasa ruka hadi uzeeni mwake, ambako mimi nasoma kwa raha zaidi. Akiwa na mwenzake Seki, kati ya 2009 na 2011, alichunguza mayai ya panya yaliyogandishwa kwa vitrifikesheni, yaani maji yanakuwa kama kioo bila kufanya chembe za barafu. Wakaona kasi ya kupasha ina uzito kuliko kasi ya kupoza, kwa kuwa kioo kikipata moto taratibu, barafu hujiunda njiani. Mwaka 2014 yeye na wenzake walizungushia mayai wino mweusi, wakayapiga leza, joto likapanda kwa kasi ya nyuzi milioni 10 kwa dakika. Karibu yote yalipona, na dawa ya kukinga seli isidhuriwe na barafu walikuwa wameizimua hadi theluthi.

Nakiri hili la kupasha nililijua kwa gharama. Nikiwa mhimilishaji mpya, yaani mpandikiza mbegu za dume kwa ng'ombe, maji ya chupa ya chai yalinipoea njiani, nikayeyusha mirija ya mbegu kiganjani badala ya kurudi kutafuta maji ya nyuzi 37. Ng'ombe watatu, wote walirudia kutaka dume, hakuna aliyeshika mimba.

Umeona 1972 walipasha polepole na 2014 kwa leza. Hawapingani: wa kwanza walikuwa na seli iliyonywea, ambayo maji yanapaswa kuirudia taratibu, wa pili walikuwa na kioo. Kwa hiyo kwenye pendekezo lako taja kwanza njia utakayotumia, kisha kasi zote mbili, ya kupoza na ya kupasha, pamoja na ukubwa wa mrija. Msimamizi wako ataanzia hapo.