Umechoka, hujafanya mazoezi, na mbio ni Jumamosi? Nenda ukakimbie

Juzi msomaji mmoja aliyeko Texas aliniandikia: "Dada, nimejiandikisha mbio za Halloween za kilomita 5. Kazi zimenibana, mazoezi sijafanya, na usiku wa kuamkia mbio nipo kazini. Niende au nikalale?"

Nilimjibu kwa neno moja: nenda. Lakini swali lake lilinigusa, maana Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye hali hiyohiyo, na yaliyonipata hayaenei kwenye meseji.

Kwa mlioko nyumbani, hizi mbio ni za msimu wa Halloween, sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambayo watu huvaa mavazi ya kuigiza. Huku Ohio, Oktoba inapokaribia kwisha, majani yote yamegeuka manjano na mekundu, baridi imeanza kung'ata, na watu wazima kwa watoto wanakimbia wakiwa wamevaa kama maboga, mifupa, wachawi, mashujaa wa sinema, chochote mtu atakachobuni. Kilomita 5 ni maili 3 na kidogo. Mtu mwenye afya anaweza kuzimaliza hata akitembea.

Mimi nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Columbus. Tangu Agosti nimekuwa nachukua ovataimu, kwa sababu mdogo wangu ameingia chuo kikuu Dodoma na ada haingoji. Mazoezi yakakatika. Silisemi hilo kwa aibu. Anayebeba boksi anajua kwamba kuna miezi ambayo mwili ni wa familia kwanza, wako baadaye. Ila nilikuwa nimeshalipia, na vazi lilikuwa tayari, na vazi lile nililipenda.

Nilikuwa twiga. Nilikataa vazi la dukani nikashona mwenyewe: fulana ya njano ya mikono mirefu, mabaka ya kahawia niliyoyakata na kuyashona moja moja, mkia wa kamba ya katani, na shingo ya sponji niliyoifunga juu ya kofia kwa elastiki inayopita chini ya kidevu. Twiga ni mnyama wetu wa taifa, na timu yetu ya soka ya wanawake inaitwa Twiga Stars. Nilitaka kwenye umati ule wa maboga aonekane Mtanzania.

Nilitoka kazini saa moja asubuhi, nje bado giza. Mbio zilikuwa saa tatu. Nilikunywa kahawa, nikala ndizi na kipande cha mkate chenye siagi ya karanga, nikabadilisha nguo ndani ya gari. Baridi ilikuwa nyuzi 4 hivi. Macho yalikuwa mazito.

Hapa ndipo ushauri wangu wa kwanza: simama nyuma kabisa. Namba unayobandika kifuani kwa kawaida ina kifaa kidogo kinachosomwa unapokanyaga mkeka wa kuanzia, kwa hiyo muda wako unaanza ukivuka wewe, hata kama bunduki imelia dakika tatu zilizopita. Hupotezi chochote. Ukisimama mbele, miguu ya wenzako itakubeba kwa kasi ambayo hukuipanga, na kilomita ya kwanza ndiyo inayowamaliza watu wasiojiandaa. Mimi nilikimbia kilomita ile nikinong'ona Sala ya Bwana. Nikishindwa kuifikisha mwisho wa mstari bila kukatika pumzi, napunguza.

Tulipofika kandokando ya mto Scioto upepo uliipiga ile shingo ikalala kisogoni, na elastiki ikaanza kunikaba kidevuni. Nikaivua, nikaikunja kwapani, nikaendelea. Kwa hiyo, wapendwa, vazi lijaribuni nyumbani. Panda nalo ngazi, rukaruka nalo dakika kumi. Paka mafuta ya mgando makwapani na popote mshono unapogusa ngozi. Usifunike namba. Usivae barakoa inayoziba pua. Na ndani usivae pamba, kwa sababu pamba ikishika jasho kwenye baridi inabaki mbichi mwilini. Halafu angalieni majani! Majani ya msimu huu yakilowa umande yanateleza vibaya sana, na pembeni mwa njia ndiko yanakojaa. Kimbia katikati.

Kama kwenye kilomita ya pili hivi, kichwa kilianza kuniambia nikae chini. Nawaomba mlishike hili: usiku mmoja bila usingizi hauondoi nguvu za miguu kiasi unachodhani. Kinachobadilika zaidi ni namna unavyouhisi ule mzigo. Kila hatua unaiona nzito kuliko ilivyo. Ukilijua hilo, unaacha kuogopa. Lakini homa, maumivu ya kifua au kizunguzungu ni habari nyingine kabisa. Hapo hukimbii, na kama umeshaanza unasimama na kuita msaada.

Kilichonivusha ni mama mmoja aliyekuwa anasukuma kigari cha mtoto alichokivalisha maboksi ya njano kikawa basi la shule, na taa za karatasi mbele, na magurudumu meusi ya kuchora. Mtoto alikuwa amelala fofofo ndani ya basi lake, soksi moja imemtoka. Nikaamua: basi hili lisinipotee. Nikaacha kutazama saa, nikaacha kuhesabu maili, nikalifuata lile basi tu. Tafuta mtu wa kasi yako umfuate. Karibu na mwisho nikavaa tena shingo yangu, nikavuka mstari nikiwa twiga kamili. Dakika 38. Nishani ya boga ipo ukutani sebuleni na haitoki.

Sasa niseme lililoniuma. Niliweka picha kwenye kundi letu moja la Watanzania. Mmoja akaandika, "Dakika 38? Simbu angeshafika akaoga." Mwingine, ambaye namheshimu kama mama, akauliza tangu lini mtu aliyeokoka anasherehekea sikukuu ya shetani.

Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, mimi namlilia kwa furaha mpaka leo. Septemba 2025 kule Tokyo, kwenye marathoni ya kilomita 42 na kidogo, alimpita Mjerumani kwenye mstari wenyewe, tofauti ya sekunde 0.03, wote muda 2:09:48, akaipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza kabisa kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Mwendo ule ni kilomita 5 kwa dakika 15 na nusu hivi, mara nane mfululizo na zaidi. Ushindi wake haukuletwa ili tuwafungie watu wa kawaida mlango. Na mama yangu yule, kwa heshima zote, nilivaa twiga, nikakimbia nikisali. Wengine walikuwa hapo na watoto wao, asubuhi, wanacheka. Shetani sikumwona.

Nitasema ukweli hata kama utawachoma wengine. Huku ughaibuni tunazikana kwa presha na sukari. Tunachangishana kusafirisha miili ya watu wenye umri wa miaka arobaini na kitu. Tunasema "nasimama masaa kumi na mawili kazini, hayo ndiyo mazoezi." Kusimama na kuinua wagonjwa kunachosha mgongo, lakini hakuufanyishi moyo kazi inavyotakiwa. Halafu mmoja wetu akitoka kukimbia, tunamcheka muda wake. Acheni. Mwenye kukimbia dakika 38 mpeni hongera, na mwenye kutembea saa nzima mpeni hongera zaidi, kwa sababu yeye amekaa barabarani muda mrefu kuliko wote.

Mdogo wangu wa Texas, jambo moja linaloniogopesha kuliko mbio zenyewe ni usukani. Umekesha, umekimbia, joto la mwili linashuka, gari lina kipasha joto: usingizi utakuja bila hodi. Mimi mume wangu alinifuata, gari langu tukalirudia jioni. Mtafute wa kukuendesha kabla hujamtafuta wa kukupiga picha. Kama hayupo, lala kwanza ndani ya gari pale pale maegeshoni, milango ukiifunga.

Ijumaa, kabla ya kuingia kazini, weka kila kitu kwenye begi moja: viatu, vazi, namba, pini nne, maji, nguo kavu za kubadilisha. Huko kwenu joto bado lipo, kwa hiyo punguza nguo za ndani, usije ukapikika ndani ya vazi. Ukimaliza nitumie picha, na unitumie mimi kabla hujaipeleka kwenye kundi lolote.