Kwa nini nyasi hazioti chini ya mathenge
Umeuliza inakuwaje udongo chini ya mathenge (ule mti wa miiba, Prosopis) huko Marigat, Baringo, ni mweusi, unanukia mbolea, halafu nyasi za mbuzi hazioti. Rutuba ipo kweli. Mathenge ni jamii moja na kunde: fukua mizizi yake michanga utakuta vinundu, humo mna bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kirutubisho cha mimea. Majani yakidondoka na kuoza, naitrojeni inabaki udongoni. Ila majani hayohayo yana kemikali zinazozuia mbegu nyingine kuchipua, na mizizi inanyonya maji mengi. Mbolea bila maji ya kutosha, nyasi zifanye nini? Ukikata, chimbua kisiki, la sivyo kitachipua tena. Nyasi zipande mvua za kwanza, kabla magugu hayajaiwahi hiyo naitrojeni.