Mnaniuliza kuhusu pesa: kausha damu, mikeka, michango na lumbesa

Barua nyingi za safari hii zinahusu pesa, na nyingi zimeandikwa na watu wenye aibu. Nashukuru mmeandika. Nimezifupisha kidogo, na majina nimeyaacha.

*Bwana asifiwe, mama. Nauza mitumba Mwanjelwa. Nilikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, laki tatu nilipe ada ya binti yangu chuoni. Rejesho likanishinda, nikakopa kwingine kulipa kule. Sasa nina mikopo mitatu na jioni simu haziishi. Mume wangu hajui. Nafunga na kuomba deni lifutwe, sioni jibu. Mungu amenisahau?*
(Mama wa Mwanjelwa, Mbeya)

Asifiwe, mwanangu. Hajakusahau. Fungua 2 Wafalme 4. Yule mjane alikuwa na deni, na mdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakumwambia deni limefutwa. Alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Akaambiwa aazime vyombo kwa majirani, ajifungie ndani na wanawe, amimine. Vilipojaa, akaambiwa auze mafuta, alipe deni, na waishi kwa kitakachobaki. Muujiza ulikuwa mkubwa na deni bado lililipwa. Na wale watoto walikuwemo ndani wakimsogezea vyombo. Nyumba nzima ilijua mama anadaiwa.

Kwako nyumba haijui, na hiyo siri inaniogopesha kuliko mikopo yenyewe. Mtu anayetoka nje kila simu inapoita hakopi tena kwa ajili ya ada. Anakopa ili leo ipite bila kuumbuka. Ndiyo maana mkopo wa pili ulikuja kirahisi, na wa nne utakuja kirahisi zaidi. Kristo ameshaibeba aibu yako msalabani, mwanangu, isikuamulie tena mambo. Mwambie mume wako wiki hii, usiku watoto wakishalala, asubuhi anapokimbilia kazini isiwe saa yake. Ukiona atafoka, nenda na mzee wa kanisa au shangazi mnayemheshimu wote wawili.

Kisha chukueni daftari. Kwa kila mkopo andikeni pesa iliyoingia mkononi, iliyokwisha kulipwa na iliyobaki. Nendeni wawili kwa kila mkopeshaji mkaombe rejesho lipunguzwe, na mkikubaliana iandikwe. Ulizeni na leseni: tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kampuni au mtu anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu. Kadi yako ya benki na namba yake ya siri usimwachie mtu yeyote.

Mtaji wa kuinua biashara utafute baadaye, ukishapumua. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Kufunga na kuomba usiache. Ila omba ujasiri wa kusema, maana hilo ndilo lililokwama.

*Shikamoo mama. Ni bodaboda hapa Mafinga. Kila siku naweka mkeka wa kubeti wa elfu mbili, na nikishinda natoa fungu la kumi. Kuna ubaya gani?*

Marahaba, mwanangu. Elfu mbili kila siku ni laki saba na elfu thelathini kwa mwaka, na hizo zinatoka ushinde usishinde. Pesa unayoshinda ni ya vijana wenzako ambao mikeka yao imechanika, baada ya kampuni kuchukua chake. Fungu la kumi haliwezi kuisafisha. Waefeso 4:28 inataka mtu afanye kazi kwa mikono yake apate cha kumgawia mhitaji, na wewe mikono hiyo unayo, imeshika usukani tangu alfajiri. Najua mkeka unawekwa kijiweni, abiria hakuna na simu iko mkononi. Basi saa hiyo hiyo itume ile elfu mbili kwa mtu atakayekutunzia na asiyekubali kukurudishia kabla ya mwezi kuisha.

*Mama, mimi ni mwalimu Iringa. Harusi, kipaimara, sendoff, kila wiki naongezwa kwenye kundi jipya la WhatsApp. Naahidi elfu hamsini kwa sababu wenzangu wameandika hivyo. Nimeshindwa kusema hapana.*

Kuchangiana ni kuzuri, mwalimu, sitaki uache. Nani atakuzika ukijitenga na watu? Lakini ile orodha inayobandikwa kila asubuhi, jina, ahadi, alicholipa na anachodaiwa, inatoza watu kwa woga. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Kukusudia kunataka ukae chini kabla ya kadi kufika. Panga mwanzo wa mwezi fungu la michango na ligawe. Likiisha, andika kwenye kundi: "Nimebarikiwa kuchangia elfu kumi." Usieleze zaidi. Siku ya sherehe nenda mapema ukamenye viazi na ukaoshe sufuria.

*Bwana Yesu asifiwe. Mhubiri mgeni alikuja hapa Tukuyu, akasema tupande mbegu ya laki mbili tufunguliwe milango. Nilitoa hela ya mbolea. Nimeahidi na laki nyingine. Mume wangu amekasirika. Nisipotimiza nitalaaniwa?*

Hapana, dada yangu. Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa kutoka laana. Hakuna mhubiri mwenye mamlaka ya kukurudishia hiyo laana kwa laki moja. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, imetolewa kwa Mungu, huku baba na mama zao wakikosa msaada. Na Petro alipoletewa fedha na Simoni aliyetaka kununua uwezo wa Mungu, alimkatalia kwa ukali.

Utasema kitabu cha Mhubiri, sura ya 5, kinatuamuru tutimize nadhiri. Kweli. Lakini nadhiri unaitoa katika kilicho chako, na hela ya mbolea ilikuwa chakula cha nyumba nzima. Muombe mumeo msamaha, kisha mwende wote kwa mchungaji wenu, anayewajua, mkamweleze hiyo ahadi. Laki hiyo inunue mbolea kabla mvua za Novemba hazijaanza.

*Nanunua viazi Njombe napeleka Dar. Bila lumbesa sipati faida, na kila mnunuzi anafanya. Nimeokoka juzi, moyo unanisuta.*

Moyo unakusuta kwa haki, baba. Lumbesa ni gunia lililoshindiliwa mpaka likashonewa kichwa juu, na mkulima analipwa la kawaida. Hivyo viazi vya juu ni jasho la mama aliyeamka kupalilia kwenye baridi ya Njombe, na umevibeba bure. Sheria yenyewe inakataza, ndiyo maana Wakala wa Vipimo wanalipiga vita. Mithali 11:1 inaita mizani ya hadaa chukizo kwa Bwana. Hilo la "kila mnunuzi anafanya", watoza ushuru wa Yeriko nao wangeweza kulisema, na Zakayo hakulisema. Aliahidi kurudisha mara nne.

Nunua kwa kilo, na mzani uwe umehakikiwa na Wakala. Faida itapungua msimu huu, sitakuficha. Kisha kaa uwaandike wakulima unaowakumbuka, wale uliorudi kwao mwaka hadi mwaka, uwapelekee chao hata kama ni kidogo kidogo. Waambie kwa nini umekuja.