Kabla Hujabonyeza Y: Pakeji Zinapotegemeana

Kompyuta iliwaka, ikaandika mistari michache meupe kwenye skrini nyeusi, ikaniomba jina na nywila, basi. Hakuna madirisha, hakuna menyu, hata kishale cha kipanya hakionekani. Usiku uliotangulia nilikuwa nimetafuta jambo dogo tu: toleo jipya zaidi la programu ya kuhariri video kwenye Debian yangu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux.

Nilichofanya ndicho wanachofanya wengi. Nilipakua faili ya .deb, yaani pakeji (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa), nikaisakinisha kwa dpkg, amri ya kusakinisha faili kama hizo, ikakataa ikisema inahitaji libc6, maktaba ya msingi ambayo karibu programu zote huitumia, mpya kuliko niliyokuwa nayo. Nikapekua mtandaoni, nikakuta ushauri wa kuongeza ghala la toleo la mbele la Debian kwenye faili ya sources.list, inayoorodhesha maghala ambako mfumo huchukua pakeji. Nikaongeza. Apt, programu inayosimamia pakeji, ikaniletea orodha ndefu, ikauliza kama iendelee, nikabonyeza Y bila kusoma. Ndani ya orodha ile mlikuwa na sehemu ya pakeji zitakazoondolewa, na mfumo wote wa madirisha ulikuwa humo.

Niliumia sana, kwa sababu kompyuta haikunificha kitu. Ilinionyesha kila jina, ikasubiri jibu langu.

Tangu siku ile nimezinasua kompyuta nyingi, zangu na za rafiki zangu, na karibu kila mara tatizo limekuwa lilelile: mtu amekataliwa, na badala ya kuuliza kwa nini amekataliwa, ametafuta njia ya kulazimisha. Ujumbe wa utegemezi una habari yote unayoihitaji. Unataja nani anadai, anadai nini, na toleo gani. Usome polepole, tena kuanzia mstari wa kwanza, maana mistari inayofuata mara nyingi ni matokeo ya ule wa kwanza.

Ni vizuri kuelewa kwanza kwa nini pakeji zinategemeana. Programu nyingi hutumia maktaba zilezile, yaani mafungu ya msimbo wa pamoja: ya kusoma picha, ya kubana faili, ya kusimba mawasiliano. Badala ya kila programu kubeba nakala yake, mfumo unaweka nakala moja na wote wanaitumia. Aprili 2014, kasoro ya usalama iitwayo Heartbleed ilipogunduliwa ndani ya OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, wenye seva walisasisha maktaba hiyo, wakaziwasha upya huduma zinazoitumia, na programu zote zilizoitegemea zikapata tiba kwa pamoja. Mimi nauthamini sana utaratibu huu hata pale unaponisumbua.

Usumbufu wenyewe huja matoleo yanapoachana. OpenSSL 3.0 ilitoka mwaka 2021, na Ubuntu 22.04, mfumo uliojengwa juu ya Debian, ikaja na libssl3 (pakeji ya OpenSSL 3) bila libssl1.1 (ya toleo lililotangulia). Programu iliyojengwa kwa ajili ya ile ya zamani haiwezi kuitumia mpya. Wapo wanaotengeneza kiungo cha faili ili libssl3 ijiite libssl1.1. Usifanye hivyo. Jina litakubalika, lakini kazi za ndani zimebadilika, na programu itakataa kuwaka au itaanguka katikati ya kazi. Wengine huipakua libssl1.1 kwa mkono na kuisahau humo. Hiyo inaweza kufanya kazi, ila toleo la 1.1.1 liliacha kupokea marekebisho ya umma Septemba 2023, kwa hiyo unabaki na mlango usio na mlinzi. Tafuta kwanza toleo la programu lililojengwa kwa mfumo wako.

Na ile libc6 yangu je? Yenyewe haina ubaya; programu za zamani kwa kawaida huendelea kufanya kazi juu ya libc6 mpya. Lakini inakuja na masharti. Inataja pakeji za zamani isizopatana nazo, hizo zikitoka zinaondoka na zote zinazozitegemea, na pengo likizibwa kwa pakeji ya ghala jipya, nayo inadai wenzake wa ghala lilelile. Watu wa Debian wana jina la mfumo uliochanganywa hivyo: FrankenDebian. Kuurudisha nyuma ni kazi ngumu isiyo na dhamana. Mimi nilihamisha nyaraka zangu kwenda diski ya nje kwa kutumia terminali, nikasakinisha mfumo upya.

Siku hizi, kabla ya kuongeza ghala lolote, naandika apt policy na jina la pakeji nione matoleo yaliyopo na yanatoka wapi. Kisha naendesha apt -s install, ambayo inaonyesha kitakachotokea bila kugusa kitu. Nikiona hata pakeji moja nisiyoitarajia kwenye orodha ya kuondolewa, nasimama. Faili ya .deb naisakinisha kwa apt install ./ ikifuatwa na jina la faili, kwa sababu dpkg haiendi kuleta vitegemezi. Nikihitaji programu mpya kweli, natazama ghala la backports, lenye programu mpya zilizojengwa kwa toleo langu, au Flatpak, njia ya kusakinisha programu inayokuja na maktaba zake zenyewe. Diski itajaa kidogo zaidi. Nakubali gharama hiyo.

Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, niko mkali zaidi. Sehemu nyingi za mfumo zinaitegemea, basi usiondoe python3 ya mfumo hata kidogo, na kazi zako zifanyie ndani ya venv, mazingira ya Python yaliyotengwa na mfumo. Tangu Debian 12, ya mwaka 2023, pip, kisakinishi cha Python, yenyewe inakataa kusakinisha juu ya Python ya mfumo, nami nafurahia sana kukataa huko.

Kama umeshaharibu, usianze kufuta ovyo. Jaribu apt --fix-broken install, na usome inachopendekeza kabla ya kukubali. Halafu fungua /var/log/apt/history.log: kila kilichoingizwa na kuondolewa kwa apt kimeandikwa humo, pamoja na saa na amri iliyotumika. Ukikwama bado, endesha apt-mark showhold uone pakeji zilizozuiwa. Mara mbili nimekuta mkwamo mzima umetokana na pakeji moja niliyoizuia isisasishwe miezi mingi nyuma, nikasahau kuiachia.