Lipu ya saruji inabanduka

SWALI: Nyumba yetu ya kale ipo Kiponda, Mji Mkongwe, Zanzibar. Miaka mitatu nyuma ukuta wa chini ulipigwa lipu ya saruji na rangi ya plastiki. Sasa imevimba, inabanduka, na nyuma yake kuna unga mweupe. Tuongeze saruji?

JIBU: La, mtazidisha ugonjwa. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake aghalabu nusu mita au zaidi, na hunyonya maji ya ardhini kama utambi. Lipu ya chokaa iliyaacha yatoke. Saruji imeyafungia ndani, yakapanda juu zaidi. Chumvi yake huganda nyuma ya lipu (ndio unga huo) na kuisukuma.

Kwanza tafuteni bomba au mfereji wa paa unaovuja, la sivyo kazi yote ni bure. Bandueni saruji kwa patasi ndogo, si nyundo kubwa, maana jiwe ni laini kuliko saruji na litatoka nayo. Bandueni hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Acheni ukuta ukauke wiki kadhaa, mkiufagia chumvi kwa brashi kavu. Msiuoshe: maji huirudisha chumvi ndani.

Chokaa iliyokwisha kuzimwa (kutiwa maji ikachemka na kupoa) ilowekwe kwenye pipa, maji yaifunike, mwezi mmoja au zaidi. Ndoo moja ya chokaa nzito kwa ndoo tatu za mchanga mkavu, uliochekechwa, usiotoka pwani. Rashieni ukuta maji, pigeni tabaka la sentimita moja, likwaruzwe likianza kushika, kisha la pili likiwa gumu. Tundikeni magunia mabichi mbele yake wiki nzima, kwani chokaa inayokauka haraka hupasuka na kuwa unga. Mafundi wenye haraka hutia saruji “kidogo tu”, wakatazeni. Malizieni kwa chokaa ya kupaka. Lindeni macho, chokaa inaunguza.

Kabla ya yote, chukueni kibali Mamlaka ya Mji Mkongwe. Eneo hilo ni Urithi wa Dunia tangu 2000.

SWALI: Boriti mbili za dari zimeoza. Tumwage zege?

JIBU: Zege ni mzigo ambao kuta hizo hazikuutarajia. Boriti huoza kichwani, pale inapoingia ukutani penye unyevu. Ichomeni kwa bisibisi, ikizama sentimita mbili, ibadilisheni. Egemezeni dari kwa nguzo pande zote mbili kwanza. Boriti mpya ya mkoko ipakwe dawa ya mchwa, na kichwa chake kiachiwe nafasi ya hewa, kisizibwe kwa saruji.