Ukurasa wa Mwanzo: Mpangilio wa Majina Ndio Unaoamua

Nilimtengenezea tovuti mzee mmoja anayeuza leso katika Biashara Street hapa Mombasa. Siku ya pili tangu tuizindue alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, wateja wananiuliza duka litafunguliwa lini, nami nimekaa hapa tangu saa mbili asubuhi." Nilipoifungua anwani yake kwenye simu, nilikutana na ukurasa wa kungojea niliouweka mwenyewe wiki kadhaa nyuma, wenye maandishi kwamba duka liko njiani. Kosa hilo sikuliona mapema kwa sababu kila nilipojaribu tovuti niliandika anwani nzima hadi index.php, yaani jina la faili ya ukurasa wa mwanzo, jambo ambalo hakuna mteja anayelifanya.

Mteja anapoandika jina la tovuti peke yake, hakuna faili iliyotajwa, kwa hiyo seva, yaani kompyuta inayohifadhi na kutoa tovuti, huichukua orodha ya majina iliyopewa, ikatafuta jina moja baada ya jingine ndani ya folda, na faili ya kwanza kupatikana ndiyo inayotolewa. Katika Apache, programu ya seva niliyotumia, orodha hiyo huandikwa kwa agizo la DirectoryIndex, na kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za mfumo wa Linux, imo katika faili ya dir.conf, ambamo index.html hutangulia index.php. Ukurasa wangu wa kungojea ulikuwa index.html; tovuti mpya ilikuwa index.php.

Ushauri wangu ni kuiondoa kwanza faili ya zamani, kwa sababu mpangilio mpya ukipotea siku seva inapohamishwa, faili hiyo itajitokeza tena. Baada ya hapo andika DirectoryIndex index.php index.html, hakiki usanidi kwa apache2ctl configtest, kisha uipakie upya seva. Anayetumia nginx, programu nyingine ya seva, atatumia agizo la index, na asihangaike na .htaccess, faili ya mipangilio ya Apache inayowekwa ndani ya folda, kwa kuwa nginx haiisomi kabisa. Kwenye Linux, Index.html yenye herufi kubwa si index.html.

Lililonitia hofu zaidi lilikuwa folda ya picha. Haikuwa na ukurasa wa mwanzo wowote, na Apache ilikuwa imeruhusiwa kuorodhesha yaliyomo, hivyo yeyote aliyeandika anwani ya folda hiyo aliona kila faili: picha za leso, na katikati yake picha za risiti za jumla zenye majina na namba za simu za wanunuzi. Niliziondoa risiti hizo saa hiyo hiyo, kisha nikaweka Options -Indexes, na tangu hapo anayeiomba folda hiyo hupata jibu la 403, yaani amekataliwa. Agizo hilo huficha orodha tu. Faili yenyewe bado hufunguka kwa anayelijua jina lake, kwa hiyo risiti hazina mahali kabisa katika folda ya tovuti.

Siku hizi kabla ya kukabidhi kazi humwomba mwenye duka aandike jina la tovuti tupu kwenye simu yake mwenyewe, nami nikiwa nimesimama kando yake, kisha najaribu anwani ya kila folda, moja moja.