Huyo wa kijani si ruba

Umeuliza kama mdudu wa kijani uliyemkuta chini ya gogo kule Santa Catarina, kusini mwa Brazili, ni ruba na kama umwagie chumvi. Tafadhali usimwage! Kwa maelezo yako, yaelekea ni Obama ladislavii, mnyoo bapa wa nchi kavu, mwenyeji wa misitu ya huko. Hanyonyi damu ya mtu. Chakula chake ni konokono na koa, kwa hiyo anakufaa hata bustanini.

Jinsi anavyokula ndiyo inayonivutia zaidi: mdomo hauko kichwani, uko chini ya tumbo. Humlalia konokono, akamgandisha kwa ute, kisha hutoa koo lake nje kama mrija na kumla humo humo ndani ya gamba. Njia ya haja hana. Mabaki hutokea mdomoni. Mapafu pia hana, anapumua kwa ngozi, ndiyo maana ngozi hiyo ikikauka anakufa na mchana hujificha penye unyevu.

Mrudishie gogo lake taratibu. Ila usimhamishie nchi nyingine ndani ya vyungu vya maua: ndugu yake, Obama nungara, alifika Ulaya kutoka Argentina, na huko anakula nyungunyungu wanaorutubisha udongo.